Mwambieni Mama Nimekula

Jumatatu, 4 Machi

Nimechoka mpaka kope. Bwana Sahihi – ndivyo tunavyomwita bosi ofisini, mwenyewe hana habari – kanipa filamu ya kauboi, ya zamani. Niitafsiri, niingize sauti, Jumanne ijayo irushwe kwenye televisheni. Sauti zote mimi. Farasi tu ndio watajitegemea!

Picha ya kwanza tu nikaijua. Ndiyo ile aliyokuwa akiitafsiri Baba kwenye ukumbi wa sinema, na maikrofoni yake, miaka hiyo. Mji mzima uliijua kwa mdomo wake. Leo mdomo huo uko kitandani. Tangu kiharusi cha Januari hajatamka neno, na sasa hata kula hataki. Supu vijiko viwili, basi. Mimi nimekunywa chai kavu nikaendelea na kazi.

Jumatano, 6 Machi

Nimesoma karatasi za filamu. Kumbe! Kauboi wetu ni Mwitaliano. Jangwa ni la Hispania. Hadithi wameitoa kwa Wajapani, ya mtu wa upanga asiye na bwana. Na karatasi zenyewe ni Kiingereza kilichotoka Kiitaliano. Mimi na Kiswahili changu tuko mwisho wa foleni. Mmarekani yuko wapi hapo? Kofia tu.

Baba vijiko viwili.

Alhamisi, 7 Machi

Baba alikuwa na sheria: kauboi hampigi mzee risasi kabla ya kumwamkia. "Shikamoo, sherifu" – halafu paa! Ukumbi mzima ulikuwa ukiitikia marahaba. Leo nimetazama vizuri. Kauboi anatema mate tu.

Nikaiacha shikamoo pale pale. Bwana Sahihi kasikiliza, kaja juu. Eti kauboi gani ana adabu? Nitafsiri kilichosemwa. Nikamwambia hata hao Waitaliano walitia chumvi yao kwenye hadithi ya watu. Akasema wao ndio wenye filamu. Nikaifuta. Nguvu za kubishana sina.

Jumamosi, 9 Machi

Nimefika mwisho. Kwa Baba, steringi, yaani kauboi mwenyewe, anapanda farasi, anageuka, anasema, "Mwambieni mama nimekula," anatokomea. Nani asiyeijua kauli hiyo? Watu hapa wanaagana nayo sokoni, kwenye simu. Hata mazikoni nimewahi kuisikia.

Kwenye filamu hasemi kitu! Nimerudisha mara sita. Mdomo kaufumba, sigara imo. Na filamu nzima hana mama.

Kumbe Baba alitudanganya miaka yote. Nimelia, nikajiona mjinga kulilia kauboi.

Jumapili, 10 Machi

Shangazi kaja kumuuguza kaka yake, atakaa wiki. Nimemuuliza habari ya "mwambieni mama". Kacheka, kisha akaacha kucheka.

Anasema Baba alipoanza kazi ile maonyesho yalikuwa manne kwa siku, na nyumbani chakula kilikuwa cha kupimana. Bibi hagusi sahani mpaka mwanawe arudi. Anamwekea fungu lake na la kwake pia. Jirani yao, fundi cherehani, alikuwa hakosi onyesho la mchana. Basi Baba akamtilia steringi maneno mdomoni. Fundi akitoka ukumbini anapitia kwa Bibi: mwanao kasema kala. Ndipo Bibi anakula.

Nikamuuliza, na kweli alikuwa amekula?

"Thubutu!"

Jumatatu, 11 Machi

Bwana Sahihi kakata shauri: mwisho uwe kimya. Kimya ndiyo tafsiri sahihi. Nikiongeza neno, kazi atapewa mwingine.

Daktari naye kakata lake. Baba asipokula kufikia kesho, arudi wodini, alishwe kwa mpira wa puani. Leo kijiko kimoja. Nimemsihi, nimemgombeza, nimemwomba radhi. Kageukia ukutani.

Jumanne, 12 Machi

Filamu inatakiwa saa sita mchana. Sijaituma. Pale mwisho pana sekunde nne tupu.

Nimeileta kompyuta kitandani. Baba kaegemea mito, bakuli la supu nimemwekea mapajani, juu ya sinia. Nikamwekea mwisho wake. Steringi kapanda farasi, kageuka. Midomo ya Baba ikacheza! Nikabonyeza kurekodi – nilipopata akili ya kufanya hivyo sijui. Sauti ya kukwaruza, nusu yake pumzi:

"... nimekula."

Nimepiga yowe, Shangazi kaja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi. Neno la kwanza tangu Januari! Tumeshikana, tumeruka kama wendawazimu.

Halafu nikaona. Haitazami kompyuta. Ananitazama mimi. Mkono wake ule mzima uko kwenye bakuli, analisukuma polepole kuja kwangu.

Limejaa. Hajagusa hata kijiko. Na mimi sijatia kitu mdomoni tangu jana asubuhi – kajuaje?

Saa tano na nusu. Simu inaita, ni Bwana Sahihi. Baba bado kalishikilia bakuli, anangoja nile.