Matairi Mapya, Mguu Ule Ule

9 Februari

Mwanangu,

Kabla ya yote, u mzima? Kikohozi kimekuacha? Huku tuko salama. Goti tu linanikumbusha umri baridi ikipiga, lakini halijanizuia kupanda milimani kila alfajiri kuchukua maziwa ya watu.

Matairi yamefika! Yote manne, na rimu zake. Mwanangu, umenitoa kimasomaso. Dereva wa lori aliyeyaleta aliniuliza, "Mama, una trekta?" Fundi alishinda nayo kutwa nzima. Ilibidi akate kidogo bati la ndani, maana nikikata kona yalikuwa yanakwaruza. Sasa pikapu ya marehemu baba yako imesimama juu, inawatazama wenzake kwa dharau. Mimi mwenyewe kuingia nakanyaga kigoda kwanza. Mjomba wako ameizunguka weee, halafu akasema gari kama hili linataka mwanaume. Nikamwambia gari linataka mafuta.

Zile njia zilizonikwamisha msimu uliopita, mvua ije tu. Ahsante sana, baba. Mungu akuzidishie.

Mama yako

3 Machi

Shikamoo Mama,

Natumaini goti limetulia. Mimi sijambo, kikohozi kimeisha. Kilichobaki ni msimamizi wetu, huyo haishi.

Barua yako nimewasomea wenzangu wote hapa stoo ya vipuri. Unajua kazi yangu ni kuyapanga matairi na kuyatoa, lakini hayo niliyachagua mwenyewe, makubwa kuliko yote yanayoweza kuingia kwenye pikapu. Niliposikia umelala kwenye tope ukingoja kuvutwa, mama mtu mzima, roho iliniuma mno.

Vipi sasa, yanashika? Yanalika sawasawa? Usisahau kuyapima upepo. Na nitumie picha, nataka kuyaona yakiwa na matope.

Mwanao

20 Aprili

Mwanangu,

Usione kimya. Afya si mbaya, chakula kinapita, usingizi ndio wa kubembeleza. Wewe je? Unakula vizuri?

Matairi mazuri, usiwe na wasiwasi. Kwenye tope hayana mpinzani. Wiki jana tulilipita lori limezama, nikalipigia honi kwa kusudi.

Ila nikwambie, na usimwambie mtu. Mama yako amezeeka. Si goti, goti nimelizoea. Ni mguu wa breki. Nakanyaga kama siku zote, gari halisimami pale nilipozoea lisimame. Mshale unasema hamsini, hamsini yangu ile ile ya miaka yote, lakini kona ya shule inanijia mbio. Juzi nilisimamia katikati ya kivuko cha watoto. Hawakuwepo, Mungu ni mkubwa, lakini nilikaa pale mpaka mwalimu akaja kunigongea kioo.

Na si mguu peke yake. Usukani unanichosha mabega. Mlima niliokuwa naupanda kwa gia ya tatu, sasa ni ya pili, na injini inalia. Nachelewa. Siku moja kituo cha maziwa walikataa madumu yote, maziwa yamechacha. Akina mama wa juu, wenye maziwa yao, waliniambia pole, na hiyo pole ndiyo iliyoniumiza. Nimekwenda kupima macho, daktari anasema yako sawa. Basi ni mwili.

Sikukulea wewe tu, nimelea nyumba nzima kwa usukani ule. Kuuacha kunaniuma, sikufichi. Lakini afadhali niache kabla sijaua mtoto wa mtu. Mjomba wako ataendesha kuanzia wiki ijayo. Anasema yeye aliliona hili zamani.

Mama yako

12 Mei

Mama, shikamoo,

Hata habari za afya sikuulizi leo, nitauliza mwishoni. Nimeipata barua yako jana, sikuweza kumaliza kazi. Nilimpelekea fundi mkuu wa hapa, nikamsomea pale uliposema kona inakujia mbio. Hakuniacha nimalize. Akauliza, "Umemfungia matairi gani?"

Mama, si mwili wako. Ni matairi yangu.

Anasema hivi. Tairi kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali kuliko dogo, na ule mshale unahesabu mizunguko, hauhesabu barabara. Ukiona hamsini, kumbe unakaribia sitini. Halafu ni mazito. Injini inatoka jasho kuyaanzisha, ndiyo maana unarudi gia ya pili, na breki ni zile zile ndogo zilizotengenezwa kwa matairi madogo. Mguu wako unakanyaga vilevile, gari ndilo limekuwa jingine. Ili yafae, ingebidi kubadilisha gia za kwenye ekseli ya nyuma na breki pia. Mimi sikujua. Mimi nilitazama ukubwa.

Tafadhali yatoe. Mwambie Mjomba asiteremke nayo. Na uniambie nikutumie nini badala yake, chochote, mama. Nimekuumiza wakati nilitaka kukupumzisha.

Goti linaendeleaje?

Mwanao

2 Juni

Mwanangu,

Goti lipo, na mimi nipo. Pole kwa kulia, maana karatasi nimeiona.

Barua yako imefika siku moja baada ya mjomba wako kuligonga geti la kituo cha maziwa. Hakuumia, wala hakuna aliyeumia, ila dumu zima lilimmwagikia miguuni. Alitoka anasema breki mbovu. Karibu mwezi mzima alikuwa anasema mwendeshaji mbovu! Nyani haoni kundule. Nilijifunika khanga nikacheka mpaka machozi, halafu nikasoma barua yako, na machozi yakawa mengine.

Nimekasirika, nakwambia wazi. Si kwa matairi. Nimekasirika kwa jinsi nilivyoamini upesi. Fundi hakusema, mjomba wako hakusema, na mimi niliyelijua lile gari kuliko kiganja changu sikulishuku hata kidogo. Niliyasamehe matairi kila kitu kwa sababu yametoka kwako, nikajilaumu mimi. Lawama haikukosa pa kwenda.

Ya zamani yalikuwa bandani, fundi ameyarudisha. Jumatatu niliteremka na madumu yamejaa. Juu ya kona ya shule nilikanyaga breki, nikasimama nje ya kivuko, palepale nilipokuwa nikisimama. Watoto wakapita, mmoja akanipungia mkono. Nikampungia, kisha nikainamia usukani nikalia kama mwenda wazimu, na nyuma wananipigia honi. Sijazeeka, mwanangu! Nimezeeka kidogo tu, kiasi changu.

Mvua zikija nitakwama. Sawa. Nimewahi kukwama, sijafa.

Umeuliza unitumie nini. Usitume kitu. Omba likizo, uje ukae kiti cha pembeni, uone mteremko wenyewe ulivyo. Na usiniambie umeshajifunza kuendesha. Nitaendesha mimi.

Mama yako, dereva