Chupa Sita za Mama

Tosamaganga, 4 Machi 2024

Mdogo wangu Silvester,

Kamwene. Sisi wazima, mvua inatosha, mama anakohoa kidogo asubuhi tu. Mkeo Alinanuswe na watoto hawajambo?

"Mama amezeeka, nyanya zake za chupa zinaharibika, bustani yake tumkodishe jirani Philbert apande parachichi." Hayo ni maneno yako kwenye simu, kabla hujanikatia. Sasa nakuandikia karatasi, unisikilize mpaka mwisho.

Amezeeka, kweli. Jana alichuma ndoo tatu za nyanya, akachemsha, akajaza chupa, akatia limau, akafunga, akazichemsha tena kwenye sufuria lenye kitambaa chini. Nilichoka kabla yake. Miaka arobaini tumekula mchuzi huo kiangazi, hata nyanya zilipoadimika soko zima la Iringa. Shuleni ulikuwa na chupa yake sandukuni, wenzako wakikuita Bwana Mchuzi. Leo umezaliwa na nyanya ya pakiti?

Lete ushahidi.

Dada yako, Veneranda


Mbeya, 15 Machi 2024

Dada,

Shikamoo. Huku baridi, lakini tu wazima.

Ushahidi huu hapa. Mama alituma chupa sita Januari. Wiki tatu baadaye zote zilitoa povu, kabati likanuka kama pombe ya ulanzi iliyolala, na wazee wa kanisa wako mezani! Alinanuswe alitaka kulia. Sita kwa sita, dada. Mkono wa mama umekwisha. Philbert anaanza kung'oa nyanya tarehe kumi Juni. Usinibishie, wewe hata jiwe ungelibishia.

Mdogo wako, Silvester


Tosamaganga, 24 Machi 2024

Silvester,

Kamwene. Kikohozi cha mama kimepona. Chako cha ubishi je?

Nimemsomea barua yako. Alikwenda stoo, akarudi na chupa zilizopikwa siku moja na zako, akazipanga mezani. Mifuniko yote imebonyea katikati, hakuna hata moja yenye povu. Kisha akauliza: "Zote sita zilifunguliwa, basi. Nyuzi zangu zilikwenda wapi?"

Unajua mama hajui kuandika. Chupa za pilipili huzifunga uzi mwekundu shingoni. Watoto wako hawali pilipili. Ulizitambuaje? Jibu bila kuzunguka.

Dada yako, Veneranda


Mbeya, 28 Mei 2024

Dada,

Shikamoo. Nyumbani wote wazima, ila mimi sina amani.

Alinanuswe alipoona uzi mwekundu alidhani ni hirizi. Akakata nyuzi zote, akazichoma, tena kwa maombi. Mimi nikitafuta za pilipili nikafungua zote sita, nikaonja kwa kijiko kimoja, nikafunga, nikarudisha kabatini. Niliposoma barua yako nilijua kosa ni langu. Nikaona aibu, nikanyamaza. Lakini Philbert nimeshamwahidi. Nitamwambiaje?

Mdogo wako, Silvester


Tosamaganga, 3 Juni 2024

Silvester, na wewe wifi Alinanuswe,

Kamwene nyote. Hapa hatujambo, na tumekasirika.

Mama aliposikia habari ya maombi alicheka mpaka kanga ikamdondoka. Akaiokota, akajifunga upya. "Miezi miwili alijua," akasema, "akaniacha niwe mzee wa mikono mibovu?" Akachukua jembe, akaenda kupalilia.

Utamwambiaje Philbert? Mwambie: mama yangu yuko hai na ana kazi. Asipokuelewa, aje tarehe kumi. Atanikuta mimi langoni na mama kwenye matuta.

Na ninyi wawili, pandeni basi Jumamosi hii mje. Leteni chupa zote sita. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, kwa hiyo jazeni mchele wa Rujewa. Alinanuswe, nyuzi utafunga wewe, kwa mkono wako. Silvester, utapiga magoti kando ya sufuria, umwambie mama mwenyewe haya uliyoniandikia mimi. Kijiko acha Mbeya.

Dada yenu, Veneranda