Mashine Inayotafuta Watu wa Kukesha

Alhamisi, Al Mansoura

...na bado nacheka peke yangu kama mwehu!

Muuzaji wa kampuni moja ya ulinzi wa mtandao alimwapia bosi kwamba AI yao inanasa wadukuzi usiku kucha, haihitaji mtu. Bosi alikuwa ameshashika kalamu asaini. Nikauliza, "Mbona basi wiki hii mmetangaza nafasi za watu wa kukesha wakiwasaka wadukuzi kwa macho?"

Jamaa akaanza kunywa maji. Kalamu ikarudi mfukoni.

"Wallahi, Wanjiru, umejuaje?" bosi akauliza.

"Bosi, kwetu hununui ng'ombe kabla ya kuuliza majirani."

Kuanzia Jumapili, wiki ya kazi ya huku Uarabuni inapoanza, kila kampuni changa inayotuuzia ulinzi wa mtandao nitaipekua mimi. Mimi!

Ila Mungu anisitiri, bosi asije akajiuliza nilikuwa natafuta nini kwenye matangazo ya kazi.