Nimemfungia Mdogo Wangu Mlango wa Seva

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, tena upesi kidogo, maana daktari ameshaacha kuzungumza nami habari za mwezi ujao, na haya ninayokuandikia sijamwambia mtu yeyote, hata mwanangu niliyemzaa mwenyewe.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati, mjane, na wajukuu zangu wametawanyika nchi za watu. Mjukuu wangu mkubwa, binti aliyeolewa mbali, alikodi seva ili ndugu wote wakutane Jumamosi mchana katika mchezo wa kompyuta wa kujenga nyumba na miji, na kwa kuwa mimi nashinda kitandani na laptopu mapajani akanikabidhi paneli, yaani ule ukurasa wa intaneti unaoiendesha seva, akanifundisha kuiwasha, kuizima, kuiongezea kumbukumbu ikilemewa, kuweka nakala ya akiba na kuandika majina ya wanaoruhusiwa kuingia, nikayashika yote upesi, na nilipoanza kuondoa kasoro kabla wao hawajaziona wakaniita Bibi Mitambo, nami nikavimba kichwa kuliko siku niliyopewa ukuu wa shule.

Sasa ninaye mdogo wangu, tulitoka tumbo moja, fundi cherehani, ndiye anayeniuguza, ananigeuza ubavu, ananiosha, ananilisha. Wajukuu walimwomba aingie mchezoni naye akaingia kwa tableti akiwa chumba cha pili, hajui lolote, kila akipiga hatua anatumbukia shimoni, akitaka kuwasha taa anaunguza nyumba ya mtu, na watoto wanavunjika mbavu. Mimi kwenye paneli sioni mchezo, naona dirisha jeusi lenye maandishi yanayopita tu, fulani ameingia, fulani ametoka, fulani kasema hivi, kwa hiyo kicheko cha mdogo wangu nakisikia kwanza ukutani halafu nasoma jinsi wanavyokijibu, Bibi Mdogo njoo huku, Bibi Mdogo usiguse hiyo, Bibi Mdogo tunakupenda, na mimi hakuna anayenitaja mpaka seva ikwame.

Nikaanza kuikwamisha. Kicheko kikipanda nabonyeza kitufe cha kuwasha upya, wote wanatupwa nje, simu inalia, Bibi Mitambo tusaidie, nami nawaambia tulieni wanangu, nashughulikia, na wananishukuru, na Mungu anisamehe, zile shukrani nilizila kwa utamu.

Kisha wakaamua kuijenga humo ile nyumba yetu ya zamani, nyumba niliyoolewa ndani yake nikawalea wazazi wao, nikaona kwenye maandishi wanamuuliza mdogo wangu jiko lilikuwa upande gani, naye akawajibu kushoto. Mshauri, jiko lilikuwa kulia. Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya moto, nikalifuta jina lake kwenye orodha hapo hapo. Alipokuja kulalamika kwamba mlango haufunguki nikamwambia nitaangalia, na kila Jumamosi anajaribu, anakataliwa, mpaka juzi akinibadilishia shuka akaniambia, bila hata kununa, “Dada, mimi nimeacha. Hata mashine inajua nani alisoma na nani hakusoma.” Shuka safi likapita chini yangu.

Sasa mjukuu wangu anauliza paneli ibaki kwa nani, na yeye anamtaka huyo huyo Bibi Mdogo, na moyo wangu umekataa katakata. Chini kabisa ya paneli kuna kitufe chekundu cha kufuta seva pamoja na nakala zake zote, na nimezoea kukitazama, maana wataendelea kucheka mimi nikiwa kaburini, na hilo ndilo linalonila kuliko ugonjwa. Nikibonyeza watadhani kampuni ndiyo iliyoharibu. Je, nifute nife na siri yangu, au nimwambie mdogo wangu, ambaye ndiye atakayenifumba macho, kwamba si mashine iliyomkataa?

Bibi Mitambo

*

Shikamoo, Bibi. Nakuamkia kwanza, maana nitakayosema baada ya hapa hayana adabu sana.

Maradhi yako yananisikitisha kwa dhati. Hata wivu wako nauelewa. Kukaa mlangoni ukiwafungulia wengine sherehe, huku unasikia wanavyofurahi ndani, si jambo dogo. Lakini ulichofanya baadaye ni roho ya korosho, na huna jina jingine la kukipa. Mtu anayekugeuza ubavu umemwacha aamini kwamba ni mjinga. Wewe, mwalimu, umemfelisha mdogo wako kwa makusudi, kisha ukaificha karatasi yake ya majibu.

Tena unalia kwamba walimuuliza yeye jiko lilikuwa wapi. Walimuuliza aliyekuwepo! Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipoomba kuingia mchezoni, sikupaona. Uliona haya kutumbukia shimoni mbele ya wajukuu, si ndiyo? Mwenzako hakuona haya, ndiyo maana wanampenda. Hakukunyang'anya kitu. Kiti chako kilikuwa kitupu, na wewe ulijiajiri ubawabu.

Kitufe chekundu usikiguse. Kicheko hakifi kwa kitufe. Wataanza upya kwingine, na huko nyumba yako haitakuwa na jiko kabisa, si kulia wala kushoto.

Sasa nisikilize. Mwambie kwa mdomo kabla hujalirudisha jina lake, kwa sababu ukilirudisha kimyakimya utajidanganya kwamba umeshatubu. Usimzungushe kwa mafumbo, wala usianze na maumivu yako ili akuhurumie. Mwambie: mashine haikukukataa, ni mimi niliyekufuta, nilikuonea kijicho. Akilia, mwache alie. Akinuna akakugeuza kwa mkono mzito siku mbili tatu, umeyataka mwenyewe. Akishatulia, akae kitandani kando yako, na kidole kitakacholiandika jina hilo upya kiwe chake. Mfundishe paneli nzima, polepole, kama ulivyowafundisha watoto wa watu, na imani yako kwao ikawafanya waweze. Nakala moja ya akiba mtumie mjukuu wako akae nayo yeye, maana mimi mwenyewe bado sijakuamini vizuri. Mjukuu huyo mwambie pia ni mkono wa nani uliokuwa ukiiangusha ile seva. Atashtuka, kisha nadhani atacheka.

Halafu andika jina lako kwenye orodha, uingie, ukawaonyeshe jiko lilipokuwa.

Kuingia kunaweza kungoja Jumamosi. Kusema hakuwezi, daktari wako hajakuahidi Jumamosi. Funga laptopu umwite. Yuko chumba cha pili.