Mama Asante, Aliyewatuma Mabinti Wake Godoro

Umetimia mwaka mmoja sasa, Mama, tangu Bwana alipokuita asubuhi ile, sala yako ikiwa haijafika mwisho. Baba, aliyekuwa amekushika mkono, ndiye aliyeitikia "Amina".

Mtaa mzima ulikuita Mama Asante, na jina hilo hukupewa bure. Ulimshukuru mwuza nyama kabla hajashika kisu, basi akaona haya kukuwekea mifupa. Ulimshukuru mfagiaji wa barabara na yule karani wa benki asiyecheka na mtu. Umeme ukikatika pale kwa dobi ulikopiga pasi maisha yako yote, wenzako walinung'unika; wewe ulivuta kiti ukasema, "Asante Baba wa mbinguni, na mgongo nao upumzike."

Kila shati ulilinyoosha huku ukimwombea mwenye nalo, humjui wala hakujui. "Huenda kesho anakwenda kuomba kazi," ulituambia. "Kola imenyooka, na sala iko juu yake. Nani atamkataa?"

Na kwenda nawe sokoni, lo! Ulisimama kwa aliyefiwa, ukasimama kwa aliyejifungua, na njiani hukuacha mtu bila salamu. Tukirudi, Baba alituuliza, "Hivyo vitunguu mmevisubiri viote?"

Lakini leo tusimulie habari ya godoro, maana wengi waliliona likipita mtaani na hawakujua kisa chake.

Ulipotoka hospitalini na nyonga yako mbovu, binti yako mkubwa alitaka uhamie kwake, kwenye nyumba isiyo na ngazi. Mdogo wake, aliyekuwa akiishi nanyi, akasema huendi popote. Walirushiana maneno palepale mlangoni pa wodi. Mkubwa akamwambia mwenzake anajifanya ndiye mwenye mama. Mdogo akajibu, "Mimi angalau nipo." Tangu hapo wakanuniana. Mmoja akiingia, mwingine anakumbuka ana safari ya dukani.

Hukumfokea mtu. Ulisali, kisha ukapiga simu mbili, maneno yaleyale: "Mwanangu, Jumamosi njoo mapema, nina kazi ndogo ya kukutuma." Maana siku hizo hata mdogo alikuwa amekwenda kulala kwa rafiki yake, hasira zipoe.

Walipokutana sebuleni kila mmoja alitaka kugeuka. "Daktari ameagiza godoro gumu," ukasema bila kuwatazama. "Baba yenu ameshalichagua, liko duka la mtaa wa pili. Na mtu mmoja haliwezi."

Wakalibeba. Mkubwa mbele, mdogo nyuma, godoro katikati likiwaficha wasionane. Walipofika kwenye kona ya duka la dawa, mkubwa akaita:

"Kata kushoto!"

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Kwani tunakwenda nyumba mbili?"

Kwenye ngazi za kwetu godoro likagoma. Likajikunja, likambana mkubwa ukutani, kiatu kimoja kikamtoka kikabiringika hadi chini.

"Niondolee basi, nakufa huku!"

"Sema kwanza tafadhali."

Mkubwa akacheka mpaka nguvu zikamwishia. Mdogo naye akaketi ngazini, hoi kwa kicheko. Kicheko kilipokwisha, mkubwa akasema, "Naogopa tu, mdogo wangu. Kila simu ikilia, nadhani ni habari ya Mama."

"Na mimi naogopa kila akishuka ngazi hizi," mdogo akasema. Wakashikana mikono.

Sauti yako ikatoka juu: "Mnagombana au mnacheka?"

"Vyote, Mama!"

"Asante Yesu. Basi lipandisheni, kiuno kinaniuma."

Ulipojinyoosha juu ya godoro lako ndipo ukawaambia neno ambalo hakuna aliyekuwa amekuuliza. "Mimi nitabaki hapa na mume wangu. Wewe mkubwa, uwe unakuja kila Jumanne unisaidie. Na wewe mdogo, siku hiyo katembee, upumzike." Ikawa hivyo hadi mwisho. Siku ulipotuaga, hakukuwa na kinyongo ndani ya nyumba yako.

Tunalia, ndiyo. Lakini tunajua uko wapi na uko na nani, na hilo halitutii shaka hata kidogo.

Ibada ya shukrani itafanyika Jumapili hii kanisani kwetu, misa ikishaisha tutakunywa chai nyumbani. Ndugu, majirani na marafiki, karibuni nyote.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye bado analala upande wake uleule wa kitanda, wajukuu zako, mashemeji na mawifi, wapiga pasi wenzako, akina mama wa kwaya, na mabinti zako wawili, walioandika tangazo hili kwenye meza moja wakibishana kila mstari, isipokuwa huu:

Hutatutoka moyoni kamwe, Mama.