Pakavu Wamelala Wafu

Mpendwa Bi Nola, nisaidie kabla mvua nyingine haijanikuta hapa, maana tunaishi bondeni kando ya kijito huku Kentucky, na mwezi wa saba mvua ilinyesha mfululizo, asubuhi hata kahawa haijachemka maji yakaingia jikoni, mume wangu Harlan akambeba binti yetu Josie, wa miaka mitano, nami nikamkokota mama mkwe tukapanda hadi makaburi ya ukoo kule kilimani, baba mkwe akarudi kumfungulia mbwa, hatukumwona tena akiwa hai, tukamzika hukohuko juu. Sasa Harlan anataka kuweka nyumba nyingine ya trela palepale chini, na Josie akisikia tu matone kwenye paa la ukumbi wa kanisa tunakolala anajikojolea, nikasema basi tujenge kando ya makaburi, ndipo mahali pekee palipo tambarare na pakavu, mama mkwe akanijia juu, “We Tressa, ukapike maharage kifuani kwa baba yenu? Kule kila mtu ana nafasi yake, hata Josie!” na ni kweli, ametupimia wote makaburi na vigingi kaweka, Harlan naye kajiinamia, “Achana na mama, kafiwa,” mume wangu nampenda na mama namwonea huruma, nifanyeje?

Tressa

Pole sana, Tressa. Kidonda cha mama mkwe wako bado kibichi, hata akikutukana usimrudishie. Lakini wewe nawe, tangu lini mtu akaomba ruhusa ya kumwokoa mwanawe? Mtoto kapimiwa kaburi mahali pakavu, pa kuweka kitanda pakavu hana, na nyinyi watu wazima mnaoneana haya!

Wa kubanwa ni Harlan. Kila mwezi wa tano, siku ya kupamba makaburi, mnapanda kule na maua na masufuria ya kuku, mnakula kutwa nzima katikati ya makaburi, wala sijasikia mzee yeyote aliyezikwa pale akilalamika kukanyagwa kifua. Basi ampandishe mama yake, wasimame kwenye kigingi cha Josie, amuulize kwa upole, “Mama, hapa unataka alale lini?”

Akikubali mhamie huko juu, jengeni nyuma ya uzio wa makaburi, mbali kidogo na kaburi la mzee. Akikataa, mchukue Josie ukapange chumba mjini, Harlan atawafuata au atabaki, hiyo ni juu yake. Trela ikirudi kijitoni, usilale humo hata siku moja.

Na vyovyote atakavyojibu mama, kigingi cha Josie king'oeni siku hiyohiyo.