Chai Kwanza, Ngozi Baadaye

Baba,

Habari za huko? Sisi hapa Kariandusi tuko. Vumbi jeupe la machimbo bado linafuata nguo hadi kwenye kamba, na sungura wako wako salama, ila yule dume mweusi hali majani nikimpelekea mimi. Ananitazama tu. Ana maringo kama mwenyewe.

Ninakuandikia kwa sababu ya sanduku. Ulipotuacha mwezi wa tatu lilibaki shuleni, kwenye stoo, na ngozi zako zote za sungura ndani. Sasa kuna mwalimu mkuu mpya, mama mpole lakini hapendi uchafu. Alinipigia simu akasema sanduku linanuka, na kama hakuna mtu wa kuendesha lile igizo lako la soko la ngozi mwaka huu, nije nilichukue, la sivyo litachomwa. Baba, nilikuwa nimekuzika mara moja, na hiyo moja ilinitosha. Nikamjibu kabla sijafikiri kwamba nitakuja kuliendesha mwenyewe. Mimi Wanjiru, muuza mitumba wa Gilgil, niliyepata D ya historia, tena wewe ndiye uliyesahihisha.

Soko lenyewe nililijua kwa kulila. Kila mwisho wa muhula wa pili ulikuwa ukigawanya kidato cha pili makundi mawili: hawa Wafaransa waliovuka bahari na sufuria, shoka na blanketi, wale Wahuroni, wenyeji wa kule Kanada, wenye ngozi za biva, yule mnyama wa mtoni anayekata miti kwa meno. Biva tutamtoa wapi huku? Basi sungura wakafa kwa ajili ya historia, na sisi nyumbani tukala nyama. Majirani walipoona ngozi zimetandazwa juu ya mabati ya jikoni, zimepakwa chumvi na majivu, walisema mwalimu amerogwa. Wewe ukawapelekea paja la sungura, wakanyamaza.

Na ulivyopenda kunichokoza! Uliniambia Wafaransa hawakutaka sana ngozi mpya. Walitaka zile kuukuu, zilizovaliwa na wenyeji mpaka manyoya marefu yakaanguka, yakabaki yale laini ya chini ya kutengenezea kofia za Ulaya. Wenyeji wakashangaa: mtu anavua nguo yake iliyochakaa, anapewa sufuria mpya. "Wewe unauza mitumba ya Mzungu," ulikuwa ukisema. "Kule Mzungu ndiye aliyenunua mitumba, na akashukuru." Kisha unacheka mpaka unakohoa, kama ndiyo mara ya kwanza kuisema.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa na bale ya sweta, furushi zima, ya kufungua mchana, kwa hivyo nilifika mbio mbio. Ngozi nilikuwa nimezipanga kama ninavyopanga nguo zangu, nzuri juu, zenye upara chini kabisa. Mwalimu mkuu alikaa nyuma ya darasa, amekunja mikono. Nikawaambia Wafaransa watoe bidhaa na wenyeji walete ngozi, haraka haraka tumalize.

Wafaransa wakapanga sufuria. Wenyeji hawakuinuka. Chifu wao alikuwa msichana mwembamba anaitwa Chepkoech, baba yake anafanya kazi machimboni. Alikuwa amekalia sanduku, blanketi begani, na hakuonyesha dalili ya kutoka. Nikamwomba ngozi. Akaniangalia kwa heshima zote.

"Madam, hatujakunywa chai."

Nilidhani ni mzaha, lakini darasa zima halikucheka. Akanieleza polepole, kama mtu anayefundisha mgeni. Kaka yake alipita mikononi mwako, na ulimfundisha kwamba Wafaransa walikuwa wachache, baridi na njaa vingewamaliza, na bila wenyeji wasingejua njia wala chakula. Kwa hivyo kule hakuna aliyefungua mzigo kabla ya kukaa, kula, kupeana zawadi na kuulizana hali za watu wa nyumbani. Anayeanza na bei hataki undugu, na ngozi hapewi. Baba, ilikuwa sauti yako ikitoka kwa mtoto wa miaka kumi na nne. Miaka yote ile ulibeba chupa za chai kwenda darasani, na mimi nikadhani ni ulafi wako tu.

Ndipo ile Jumamosi ya mwisho ikanirudia. Nilikuja kwako kuchukua magunia yangu, pikipiki ya boda ikiningoja kwenye geti. Ulikuwa umeshateleka maziwa. Nikakwambia siku nyingine, Baba, nimechelewa. Ukasema tu, "Chai kwanza, Wanjiru." Nikabeba magunia nikaenda. Jumanne wakanipigia simu. Hilo sijamwambia mtu mpaka leo.

Basi nikasimama mbele ya watoto wa watu nikilia, na sanduku likiwa bado limekaliwa. Unajua nani aliniokoa? Mwalimu mkuu. Aliinuka akatoka, nikajua tumekwisha, kumbe ameenda ofisini kuleta birika la walimu, lile la saa nne. Walimu wengine wakaja mbio kulifuata. Vikombe havikutosha, kwa hivyo Wafaransa wakanywea sufuria zao za biashara. Wakaulizana hali. Mfaransa mmoja akamuuliza Mhuroni kama mbuzi wa nyanya yake alipatikana, na kumbe kweli mbuzi alikuwa amepotea, ikabidi tusikilize habari zote hadi mwisho.

Chai ilipoisha, Chepkoech akainuka mwenyewe. Akachimba hadi chini ya sanduku, akatoa ngozi yenye upara kuliko zote. Kwa hiyo moja alichukua sufuria mbili, shoka na blanketi. Huyo akikua nitamwajiri.

Mwisho niliwakalisha chini kama ulivyokuwa ukifanya, nikawaambia yaliyofuata: magonjwa, pombe kali, biva kuisha mitoni, na wageni wengine waliotaka ardhi, jambo ambalo watoto wa huku hawahitaji kuelezwa mara mbili. Mmoja akauliza kama waliokunywa chai nao walijua yatakayokuja. Nikasema nitauliza. Haya, nimekuuliza.

Sanduku linabaki. Mwalimu mkuu ameweka sharti moja, lianikwe juani kila mwezi, na kazi hiyo amempa Chepkoech.

Leo nimefunga duka mapema nikaja kwako. Niko jikoni, kwenye kile kigoda chako kibovu. Ninakuahidi soko litafanyika kila mwaka nikiwa hai, na chai nitaipika mimi. Na yeyote atakayenipikia, awe nani, hataniona nikitazama saa.

Maziwa yamechemka. Nimemimina vikombe viwili, boda nimeiambia iende. Lala salama, Baba. Hiki ni cha Jumamosi ile. Nimekaa, ninakunywa.

Wanjiru